Namba Iliyokataliwa na Kabati

Saa sita kamili mchana, siku ya Jumanne, kabati la chuma la dawa kali lilifunguliwa mbele ya watu watatu, na wote watatu wakaonekana kuduwaa. Kwenye rafu ya juu, palipotakiwa kuwa na vichupa ishirini vya dawa ya maumivu, palikuwa na kumi na vinne. Wakahesabu tena. Wakahesabu mara ya tatu, maana binadamu ni mbishi hata mbele ya macho yake mwenyewe, lakini vichupa sita havikurudi.

Wa kwanza kati yao alikuwa Metroni, mkuu wa wauguzi, mama wa miaka hamsini na minane ambaye nusu ya wafanyakazi wa hospitali ile walifundishwa kushika sindano na mkono wake. Wa pili alikuwa Mfamasia, kijana mtanashati, mwepesi wa maneno na mwepesi zaidi wa hasira. Wa tatu alikuwa mtunza stoo. Aliajiriwa kama muuguzi, akahamishiwa stoo kwa sababu mahesabu yake hayakuwa na kasoro, na tangu siku hiyo watu walimwita Stoo tu, utadhani alizaliwa na rafu mgongoni.

Saa sita na dakika arobaini Sajini wa upelelezi aliingia, kalamu ya risasi sikioni. Alikuwa mwanamke mfupi, mtoto wa mwalimu wa hesabu. Utotoni, akitembea na baba yake barabarani, gari likipita mzee anasoma namba ya gari na kusema, "Ivunje." Ukishindwa kuivunja vipande vipande mpaka kwenye namba zisizovunjika, unabeba mfuko wa viazi mpaka nyumbani. Sajini alibeba viazi vingi sana kabla hajawa hodari.

"Nani anaweza kulifungua kabati hili?" akauliza.

"Hakuna," akasema Mfamasia. "Yaani hakuna mtu mmoja."

"Lakini limefunguliwa."

Mfamasia akasonya. Ikabidi Metroni ndiye aeleze, kwa sauti yake ya upole.

Utaratibu ule uliwekwa na mganga mkuu wa zamani, mtu aliyependa hesabu kuliko chakula. Kabati lilifunguka kwa namba moja ya tarakimu nane, na namba hiyo haikuandikwa popote. Mfamasia alikuwa na namba yake ya tarakimu nne, Metroni na yake ya tarakimu nne, na kila moja ilikuwa namba tasa, ile isiyogawanyika kwa kitu chochote ila moja na yenyewe. Kila saa sita mchana Mfamasia anaandika yake kwenye kijitabu cha kuchana, anachana karatasi, anampa Stoo. Kijitabu anampa Metroni, naye anaandika yake, anachana, anampa Stoo. Stoo anaingia nyuma ya pazia, anazidisha kwa mkono, anabonyeza jibu, kisha anachoma karatasi zote mbili ndani ya kopo la maziwa.

"Kwa hiyo mwenye kuijua namba nzima ni yeye peke yake," akasema Mfamasia, akimwonyesha Stoo kwa kidevu. "Mimi sioni mnachopeleleza."

Stoo alikuwa amesimama ukutani, mikono imekunjwa kifuani. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita. Alisema, "Siijui namba nzima. Kila siku nazidisha upya. Nikimaliza kubonyeza imetoka kichwani."

"Hayo kamwambie hakimu."

"Namwambia Afande kwanza," akasema Stoo, na sauti ikamkatika.

Kufuli la kabati lilikuwa na kimashine cha kutoa utepe wa karatasi. Mtu akibonyeza namba sahihi, utepe huandika saa na neno moja tu: LIMEFUNGUKA. Akikosea, huandika saa na namba aliyokosea. Sajini akauvuta utepe wa siku ile, akausoma. Saa nne na dakika kumi asubuhi mtu alibonyeza 29059301, kabati likamkataa. Saa nne na dakika ishirini na moja, LIMEFUNGUKA.

"Mlango wa stoo una funguo ngapi?"

"Tatu," akasema Metroni. "Mimi, yeye, na yeye."

"Saa nne na dakika kumi mlikuwa wapi?"

Metroni alikuwa anazunguka wodi, peke yake. Mfamasia akasema alikuwa na shughuli. Stoo akasema alikuwa anamnyonyesha mwanawe. Ana mtoto wa miezi mitano, amepanga chumba nyuma ya hospitali, na ameruhusiwa nusu saa mara mbili kwa siku: saa nne na saa nane.

"Nani alikuona?"

"Mtoto," akasema Stoo. "Mdogo wangu huwa ananisubiri nifike, halafu anakwenda sokoni."

Mfamasia akacheka kicheko kifupi, na Sajini akamtazama mpaka kikaisha.

Saa saba na robo simu ya Sajini ikalia. Mkuu wa kituo hakuwa mtu wa salamu. "Nimeambiwa mtu mwenye namba ni mmoja. Unangoja nini?"

"Kuna jambo halijakaa sawa, Afande."

"Gari linakuja kumchukua saa nane na nusu. Hiyo ni kesi ya dawa kali, haina dhamana, usinipotezee muda. Na asionane na mtu yeyote kabla gari halijafika, asije akapitisha mzigo. Umenielewa?"

Sajini alielewa vizuri mno. Kesi isiyo na dhamana ni miezi mahabusu kabla hata ya shahidi wa kwanza kusimama. Alirudi kwa Stoo na kumweleza wazi, kwa sababu hakupenda kumzungusha mtu.

"Na mtoto?" akauliza Stoo.

"Anakula kingine?"

"Hajaanza chochote. Ni mimi tu." Kisha, kama mtu aliyeaibika kuomba, "Ni saa ngapi sasa, Afande?"

"Saba na ishirini."

Stoo akakunja mikono tena. Sajini akaona kwa nini anaikunja: blauzi ilikwisha kulowa. Akaondoka pale akiwa na hasira, na kwa kuwa hakujua amkasirikie nani, akaikasirikia ile namba.

Alianza na Mfamasia. Alimkuta dirishani pake akipanga makopo.

"Shughuli gani ile ya saa nne?"

"Za kikazi."

"Mlinzi wa geti amesema ulitoka saa nne kasorobo ukarudi saa tano kasorobo, ukiwa unanukia."

Mfamasia akashika kisogo chake. Kilikuwa kimenyolewa safi, alama ya mashine ingali nyekundu. "Basi, nilikwenda kinyozi. Nimefanya kosa, nimelikubali. Namba ya kinyozi hii hapa, na yangu nakuwekea juu yake. Mpigie umuulize."

Akaziandika zote mbili kwa haraka kwenye karatasi, akikandamiza kalamu mpaka meza ikalia. Sajini akatoka nje akapiga. Akapokea mwanamke.

"Magodoro hapa, karibu mteja. Unataka la nchi ngapi?"

Sajini akaomba radhi, akaitazama namba upya, akapiga tena. Magodoro wakapokea tena, safari hii bila karibu. Ikabidi arudi dirishani.

"Kijana, kinyozi wako anauza magodoro?"

Mfamasia akachungulia karatasi. "Ah, umepiga moja. Hiyo ni saba."

"Hii ni saba?"

"Saba yangu iko hivyo. Watu wananisumbua, lakini mwandiko ni mwandiko."

Kinyozi alipopatikana alithibitisha kila kitu, mpaka ubishi kuhusu chenji. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walithibitisha pia. Mfamasia alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, tangu saa nne kasoro dakika tano mpaka saa nne na nusu. Hilo likafungwa.

Walibaki wawili, na mmoja wao hakuna mtu hata aliyethubutu kumtaja.

Sajini akaketi kwenye benchi la korido, akaazima kikokotoo kwa karani wa mapokezi, akaandika 29059301 juu ya karatasi. Mkuu wa kituo aliamini ni namba iliyosahaulika vibaya: msichana anaijua namba, anatetemeka, anakosea mara moja, anapatia mara ya pili. Inaingia akilini. Lakini kwa desturi ya nyumba aliyokulia, Sajini hakuweza kuiacha namba ikae nzima. Akaanza kuivunja.

Haikuwa shufwa. Tarakimu zake zikijumlishwa zinafika ishirini na tisa, basi tatu haiingii. Tano haiingii, inaonekana kwa macho. Saba, baki. Kumi na moja, baki. Akapanda ngazi ya namba tasa moja baada ya nyingine, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, kila moja ikimwachia baki. Wagonjwa wakapita. Mzee mmoja akamuuliza kama hapo ndipo wanapolipia kadi. Ishirini na tatu, hapana. Thelathini na moja, hapana. Arobaini na tatu, hapana.

Arobaini na saba ikaingia.

Hakukuwa na baki hata chembe. Ilibaki 618283. Akaendelea: hamsini na tatu, hamsini na tisa, sitini na moja, akapanda mpaka themanini na tatu pasipo kitu. Themanini na tisa ikaingia, na jibu lilikuwa 6947.

Hapo akaacha kubonyeza. Hakukuwa na haja ya kuendelea, kwa sababu kila namba tasa ndogo ambayo ingeweza kuivunja 6947 alikwisha kuijaribu njiani ikashindwa. Hiyo ilikuwa namba tasa ya tarakimu nne. Na arobaini na saba ukizidisha kwa themanini na tisa unapata 4183, ambayo pia ina tarakimu nne, ila si tasa.

"Mama yangu," akasema Sajini peke yake, na mzee wa kadi akageuka.

Mtu aliyesahau tarakimu za namba ndefu haangukii kwenye namba inayovunjika vizuri namna hiyo. Yule wa saa nne na dakika kumi hakuwa anakumbuka kitu. Alikuwa amezidisha. Alichukua namba tasa moja iliyo sahihi, akaizidisha kwa nyingine iliyokosewa kidogo.

Saa nane kasoro dakika kumi alikuwa dirishani kwa Mfamasia kwa mara ya tatu.

"Namba yako ya kabati ni 6947?"

"Hapana."

"Ni 4183?"

Mfamasia aliweka kopo chini taratibu. "Nani kakwambia? Umekosea tarakimu moja tu. Ni 4783."

"Sijakosea mimi," akasema Sajini.

Akapitia stoo. Askari aliyewekwa mlangoni akampisha. Stoo aliketi juu ya boksi, macho kwenye saa ya ukutani. Sajini akampa karatasi ya Mfamasia yenye zile namba mbili za simu. "Nisomee."

Stoo akazisoma moja kwa moja, saba zote zikiwa saba, moja zote zikiwa moja, bila hata kuisogeza karatasi karibu.

"Hujababaika hata mara moja."

"Mwaka mzima nasoma mwandiko wake kila siku, Afande. Saba yake naijua hata nikiwa nimefumba macho." Akatazama tena saa. "Mtoto ameamka sasa hivi. Huwa anaamka saa hizi."

Sajini alichukua kile kijitabu cha kuchana, akakipeleka dirishani na kukiinamisha kwenye mwanga. Juu ya karatasi tupu palikuwa na makovu ya kalamu iliyokandamizwa, namba juu ya namba, za siku nyingi. Kila siku walichoma karatasi zilizoandikwa, na kila siku walimpa mtu wa pili kijitabu kikiwa bado na alama za mtu wa kwanza. Mfamasia alikuwa mtu wa kwanza.

Ofisi ya Metroni ilikuwa na meza moja, viti viwili, ratiba ya zamu ukutani na chupa ya chai juu ya dirisha. Saa nane kamili Sajini aliketi bila kukaribishwa.

"Mama, samahani. Niandikie hapa namba yoyote yenye saba."

Metroni akaandika. Saba yake ilikuwa na mstari katikati, imesimama wima kama yeye mwenyewe.

"Asante. Namba yako ya kabati ni 6947."

Metroni aliiweka kalamu sambamba na ukingo wa daftari. "Stoo amekutajia."

"Sijamuuliza. Nimeitoa kwenye namba iliyokataliwa. Mtu aliyekosea saa nne na dakika kumi alikuwa na namba yako sawasawa, ya Mfamasia akaiona 4183. Angekuwa Mfamasia, yake mwenyewe asingeikosea. Angekuwa Stoo, ile saba ameisoma mwaka mzima. Amebaki mtu ambaye hajawahi kupewa namba ile aisome, ameiona kwenye alama za kalamu tu, na kwake yeye saba isiyo na mstari ni moja."

Nje, kitanda cha magurudumu kilipita kikilia. Metroni alisubiri kipite.

"Nilipaka risasi ya penseli juu ya zile alama," akasema. "Jana mchana nilichana karatasi mbili badala ya moja. Leo kabati likanikataa, nikasimama pale nikijiambia nimelaaniwa. Halafu nikakumbuka namba ya Mfamasia lazima iwe tasa. Nikaanza kuigawanya ile 4183 ukutani kwa kidole, moja baada ya nyingine. Arobaini na saba ikaingia. Nikajua kuna tarakimu nimeisoma vibaya, na iliyokuwa inanitilia shaka ni ile moja."

"Dakika kumi na moja."

"Nilikuwa hodari wa hesabu shuleni," akasema Metroni.

Aliinuka, akaichukua chupa ya chai, akaifungua kifuniko. Haikuwa na chai. Akavitoa vichupa vya dawa na kuvipanga mezani kimoja kimoja, vyote sita.

"Ni mume wangu. Ana saratani ya mifupa. Wamemruhusu kurudi nyumbani wakampa vidonge, kwa sababu dawa hii haitolewi nje ya wodi, na wodi haina kitanda cha mtu asiyepona. Nimeomba kwa mdomo, nimeomba kwa barua. Usiku anauma taulo ili majirani wasisikie. Miaka thelathini na mitatu nimewachoma sindano waume za watu, Afande. Wangu nikaambiwa sheria haina nafasi yake."

Sajini angeweza kuishia hapo, lakini kulikuwa na jambo moja lililobaki.

"Na yule binti?"

"Nilidhani watamhoji, watakosa ushahidi, watamwachia baada ya siku mbili tatu."

"Wewe umekaa kazini miaka thelathini na mitatu. Unajua kabisa hawamwachii."

Metroni akakifunika kifuniko juu ya chupa tupu, kisha akakitoa tena.

Sajini akapiga simu kituoni, akaeleza kwa maneno machache, akakata. Kisha akamwita askari amlete Stoo. Hakulazimika kufanya hivyo. Aliona tu kwamba mtu aliyekaribia kubeba msiba wa mwenzake ana haki ya kuusikia kutoka mdomo wenyewe.

Stoo akaingia, akaviona vichupa, akaiona chupa ya chai iliyo wazi. Alimtazama Metroni, na uso wake ukafunguka taratibu kwa kuelewa.

"Mama?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Ile nusu saa ulinipa wewe," akasema Stoo. "Nilikuja hapa nalia, maziwa yananikauka, ukaniandikia ruhusa kwa mkono wako. Ukasema saa nne na saa nane. Ulijua sipo. Ulijua niko peke yangu na mtoto asiyeweza kusema."

"Nilijua."

"Wewe ndiye uliyenizalisha!"

Huo ndio ulikuwa ukelele pekee wa siku ile. Metroni alifunika uso kwa viganja na kulia, na Stoo hakumsogelea. Aligeuka akatoka, kwanza kwa kutembea, halafu mbio, na viatu vyake vilisikika korido nzima mpaka getini.

Gari la polisi lilifika saa nane na nusu kama lilivyoahidiwa. Nje ya geti, kwenye ngazi ya duka lililofungwa, Stoo aliketi kanga begani, mtoto kifuani, mdogo wake amesimama kumkinga jua. Dereva akashusha kioo, akamwonyesha kwa kidole.

"Ndiye huyu, Afande?"

"Huyu anamnyonyesha mtoto wake. Zima gari, usubiri."

Metroni alitoka na sare yake nyeupe, mikono mbele, askari ubavuni. Mfamasia alikuwa mlangoni. Mganga mkuu wa sasa, aliyeitwa kutoka mkutanoni na kuelezwa yote, alisimama pembeni akisema kwa sauti ya chini kwamba ataandika kibali leo hii, ataandika mwenyewe, hakujua kama hali ni hiyo. Barua za Metroni zilikuwa mezani kwake tangu mwezi uliopita.

Walipofika usawa wa ngazi, Metroni akasimama. Sajini akamwachia asimame.

"Kibali kikitoka," akasema Metroni, akimwambia Stoo lakini akitazama ardhi, "mchome mume wangu bega la kulia. La kushoto limekwisha. Umwambie kabla ya kumgusa, haoni vizuri siku hizi. Ukimshika bila kumwambia anashtuka, na akishtuka anaumia."

Stoo hakuinua uso. Alimhamisha mtoto upande wa pili, akamfunika kichwa kwa ncha ya kanga, akasubiri mpaka ashike vizuri. Watu wote pale walisimama wakimsubiri, na dereva akaangalia saa yake.

"Anachomwa saa ngapi?" akauliza Stoo.

"Saa kumi."

"Haya," akasema Stoo.

Metroni akapanda gari.